Pochi ya Bitcoin isiyogusa intaneti

Akiba yangu ya Bitcoin naitunza kwenye kompyuta ya zamani ambayo, tangu ilipofutwa na kuwekewa Linux upya, haijaunganishwa na mtandao wowote. Electrum, programu ya pochi ya Bitcoin, niliipakua kwenye kompyuta nyingine, nikahakiki sahihi ya kidijitali ya watengenezaji wake (inayothibitisha kuwa haijachezewa), kisha nikaihamisha kwa flashi.

Pochi ilipoundwa ilitoa maneno 12 ya siri ya kuirejesha, na hayo ndiyo mali yenyewe: anayeyapata anaweza kuhamisha fedha zote bila kuigusa kompyuta, na anayeyapoteza hana benki ya kulalamikia. Kwa hiyo sikuyapiga picha wala kuyahifadhi kwenye barua pepe, bali niliyaandika kwa penseli kwenye karatasi zinazokaa katika nyumba tofauti, ingawa kwa wakazi wa pwani, ambako unyevu huila karatasi, bamba la chuma lingefaa zaidi. Kabla ya kuingiza kiasi kikubwa niliifuta pochi na kuirejesha kwa maneno hayo, hatua ambayo wengi huiruka kwa uvivu tu.

Kompyuta ya mtandaoni ina ufunguo mkuu wa umma pekee (unaotambulisha anwani za pochi lakini hauwezi kutoa fedha), hivyo huonyesha salio na kuandaa muamala, ambao hupelekwa kwa flashi ukatiwe sahihi kwenye ile iliyotengwa na kurudishwa ili utangazwe kwenye mtandao wa Bitcoin.