Dhahabu ya Kilwa na vita vya "dini"

Kijiweni hapa Lindi nikisikia mtu anasema Wakristo na Waislamu walipigana enzi hizo kwa ajili ya Mungu tu huwa naumia kweli, maana ushahidi tunao hapo hapo Kilwa Kisiwani. 1502 Vasco da Gama, nahodha Mreno, alikuja na mizinga akamlazimisha mtawala Mwislamu wa Kilwa atoe dhahabu, afu 1505 akaja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, mapadri wakashuka na misalaba miwili huku wanaimba, misalaba ikawekwa chini na hapo hapo watu wakaanza kupora mji! Walichotaka ni biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya huko Msumbiji, basi.

Na ile dhahabu ya 1502 mfalme Manuel wa Ureno akaagiza itengenezewe chombo cha kuwekea Ekaristi (mkate mtakatifu wa misa), kikaisha 1506, kipo makumbusho Lisbon mpaka leo, kina mitume 12 wamepiga magoti, kazi nzuri mno lakini mali ilitoka kwetu kwa vitisho.

Wala sio Waislamu tu walioonewa. 1204 wanajeshi wa msalaba, Wakristo wa Ulaya waliotoka kwenda kupigana na Waislamu, wakiwa wanadaiwa na Venice, mji wa Italia, waliuvamia Constantinople (Istanbul ya leo), mji wa Wakristo wenzao kabisa, wakasomba mpaka vyombo vya makanisani, na wale farasi wanne wa shaba wakapelekwa Venice.