Mtoki wa kwapani, na sindano niliyokuwa nishaisahau

Yani hata sikuwa natafuta kitu. Nlikuwa namuosha mtoto kwa beseni, ana miezi miwili na siku kadhaa, nkamuinua mkono wa kushoto nimsafishe kwapa maana maziwa hujificha huko yakachacha, kidole kikagonga kitu. Kigumu, chateleza chini ya ngozi, kadiri ya punje ya kunde. Nkabonyeza, hakulia. Nkamwita babake, akasema ni nyama tu hiyo. Wanaume nyie.

Wiki mbili hivi kunde ishakuwa kokwa ya zambarau na habari zishafika Kisauni kwa mama mkwe. Akaja na matatu ya asubuhi, mkobani mafuta ya habasoda na manjano, akashika akasema, "Mwanangu, huu mtoki, wataka kukandwa mpaka uyeyuke." Alaf akanyamaza kidogo akauliza, "Lakini mtoki hufuata kidonda. Ukijikata mguu, wavimba kinena. Sasa huyu kidonda chake ki wapi?" Tukamgeuza mtoto mzima, hatukuona kitu. Kumbe jibu tulikuwa tumelishika mkononi.

Huku katikati nlizunguka sana. Wa duka la dawa aliniuzia antibayotiki ya maji, mtoto akainywa siku saba, kilichopungua ni pesa. Kliniki moja ya kulipia, sitaitaja, daktari aliangalia dakika mbili akaniambia huenda ni TB ya tezi, tuanze dawa za miezi. Nlilia ndani ya tuktuk mpaka nyumbani, dereva maskini akawa anapunguza mwendo akidhani ni matuta.

Aliyetuokoa ni dokta mmoja wa watoto, dada mpole hivi. Hakugusa kwapa kwanza, alishika mkono wa kushoto, akaonyesha kile kipele cha BCG, ile chanjo ya TB aliyodungwa alipozaliwa; kipele kilikuwa kimetunga usaha kidogo kikaanza kukauka, na mi nlikuwa nshaambiwa hicho ni kawaida kitaacha kovu. Akasema, "Kidonda chenyewe hiki." Nkamfikiria mama mkwe wallahi.

Ikawa hivi: BCG si dawa iliyokufa, ni vijidudu hai vya TB ya ng'ombe vilivyodhoofishwa. Herufi C na G ni za Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, walioanza 1908 kule Lille kuvikuza kwenye viazi na nyongo ya ng'ombe, wakavihamisha mara 230 mpaka 1921 vikawa havina tena nguvu ya kuua. (Viazi na nyongo. Mi nafikiri bajia tu.) Sasa vikidungwa mkononi, baadhi huenda mpaka kwenye tezi ya karibu, na ya karibu ni ya kwapa la upande huo huo. Kwa watoto wengi hata hujui. Kwa wachache inavimba, na ile ya kutunga usaha kabisa ni kama mmoja hadi kumi katika watoto 10,000. Basi bahati nasibu yetu ndiyo hiyo.

Akampima uzito, akamshika shingo na kinena kama kuna nyingine, akauliza homa, kunyonya, akaangalia kwenye kijitabu cha kliniki kipimo changu cha ukimwi, maana mtoto ambaye kinga yake ni dhaifu vile vijidudu vinaweza kusambaa mwilini na hapo ni hatari ya kweli. Wetu alikuwa sawa, mnene, anapiga kelele. Akasema dawa za TB hazitafanya huu uvimbe uishe haraka, antibayotiki vilevile, tusikande, tusiminye, tusipake chochote, tungoje. Akajaza na fomu ya kuripoti madhara ya chanjo.

Kungoja ndio kazi. Mwezi wa nne ikawa kama tende, laini, ngozi ikawa nyekundu. Tukarudi. Nlidhani watapasua, akasema hapana, ukikata kwa kisu hubaki shimo linalovuja miezi. Akaingiza sindano pembeni, kupitia ngozi nzima isiyo nyekundu, akavuta usaha mzito kama tui la kwanza. Mtoto alilia, mi nkalia zaidi. Basi. Ikashuka polepole, hata siku ya mwisho siikumbuki, nlishtukia tu siku moja hakuna.

Kinachoniuma ni kuwa siku ile ya sindano ya BCG nliambiwa habari za kipele, kwapa hakuna aliyelitaja. Sentensi moja tu ingenitosha. Chanjo zake nyingine zote amepata, na mdogo wake akija BCG atadungwa.

Sasa ana mwaka na nusu. Mama mkwe kila akija humbeba, humtekenya kwapani, mtoto acheke mpaka akwame. La kushoto hutekenywa zaidi, tena kwa vidole viwili, polepole, na sote tunajua anatafuta nini.