Ninavyopima sainasi kwenye picha za CT ili kukadiria jinsia na umri

Fuvu la mtu asiyejulikana likiungua au kuvunjika, sainasi (vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso) za taya la juu mara nyingi hubaki nzima, ndiyo maana naanza nazo ninapozipima kwenye picha za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha kichwa kipande kwa kipande.

Kabla ya kupima nanyoosha fuvu kwenye programu: ukingo wa chini wa tundu la jicho ulingane na ukingo wa juu wa tundu la sikio, kushoto na kulia. Kichwa kikiinama, vipande vya picha hupita mshazari na vipimo vyote hubadilika. Unene wa kipande usizidi milimita 1. Vipande vya milimita 5 huruka sakafu ya sainasi, inayoshuka hadi katikati ya mizizi ya magego.

Kila upande napima kina (mbele hadi nyuma), upana na kimo, kila kimoja pale kinapofikia upeo wake. Kwa ujazo wa haraka nazidisha vyote vitatu na kugawa kwa 2. Kina 38, upana 27 na kimo 36 (milimita) hutoa takriban sentimita za ujazo 18.5.

Kinachoharibu kazi zaidi ni kupima hewa badala ya mfupa. Aliyeugua uvimbe wa sainasi muda mrefu ana utando mnene, pengine na usaha. Ukiiachia programu ichague weusi wa hewa, sainasi ya mwanamume itatoka ndogo kama ya mwanamke. Tena uteuzi huo huvujia puani kupitia kitundu cha sainasi. Hapo naziba kwa mkono, kipande baada ya kipande. Baada ya wiki 2 napima upya bila kutazama namba za kwanza. Zikipishana zaidi ya milimita 1, narudia.

Kwa wastani wanaume wana sainasi kubwa, lakini makundi haya mawili yanaingiliana mno. Kwa hiyo naandika uwezekano, siandiki "mwanamume" peke yake. Mlinganyo wa kukadiria jinsia uliotokana na vipimo vya Waturuki au Wahindi siutumii kwa watu wa hapa kabla ya kuujaribu kwenye picha za watu wa hapa ambao jinsia zao zinajulikana. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, jinsia siikadirii kabisa.

Umri ni kinyume chake: sainasi husaidia kwa watoto. Za paji la uso hazipo mtoto anapozaliwa, na huanza kuonekana kwenye picha akiwa na miaka 6 hadi 8 hivi. Za taya hukua mpaka karibu miaka 20. Baada ya hapo hupungua taratibu, ila kung'olewa magego ya juu huweza kuishusha sakafu na kuvuruga hesabu. Umri wa mtu mzima nautafuta kwenye kiungo cha mbele cha nyonga.