Gari Halina Haraka, Mwenye Haraka ni Muuzaji

Mchuuzi wa samaki wabichi katika mialo yetu ana sababu ya kumharakisha mteja, kwa kuwa samaki asiyenunuliwa asubuhi huanza kuharibika kabla ya jua la mchana. Muuzaji wa magari hana sababu hiyo. Toyota Noah iliyovuka bahari kutoka Japani, ikashushwa Dar es Salaam na kuendeshwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mwanza, haiozi kati ya Ijumaa na Jumatatu, na bado katika baadhi ya yadi zetu mteja huambiwa kwamba asipolipa leo ataikosa.

Nililishuhudia hili nilipomsindikiza mama yangu mdogo, ambaye anafanya biashara ya dagaa na alihitaji gari la kubebea mizigo na familia. Kabla hatujaomba hata kuona kadi ya gari, kijana wa mauzo alipokea simu, akasogea pembeni kidogo lakini si mbali kiasi cha kutomsikia, kisha akarudi na kusema, “Mama, kuna mteja anatoka Geita na fedha taslimu, saa tisa atakuwa hapa. Weka chochote nikushikie.” Mama mdogo akamjibu kwa upole, “Basi mwanangu, akija mpe. Mimi namsubiri fundi wangu.” Saa tisa ikapita bila huyo mteja kufika, na bei ikashuka bila sisi kuomba. Namheshimu sana kwa jibu lile, maana wengi hufungua pochi hapo hapo wakiogopa kuonekana hawana fedha.

Kisingizio kingine hushika kasi kila Juni, bajeti inaposomwa bungeni: nunua sasa, Julai kodi inapanda. Hoja hiyo inamhusu anayetaka kuagiza gari, na huyo anaweza kutumia kikokotoo cha magari yaliyotumika kilichopo kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Gari lililokwisha kulipiwa ushuru, likasajiliwa na kuegeshwa yadini, limeshamaliza kodi yake ya kuingia nchini, na mabadiliko ya Julai hayalirudii.

Linalonikera zaidi ni desturi ya kuchukua ufunguo na kadi ya gari la zamani la mteja anayetaka kubadilishana kwa kuongeza fedha, eti likathaminiwe, kisha kumweka kwenye kiti kwa saa nyingi, soda juu ya soda, huku muuzaji akienda na kurudi kwa “bosi” asiyeonekana. Mtu asiye na ufunguo wake hawezi kuondoka, na mtu aliyechoka husaini.

Haraka hiyo ina madhara hata kisheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, humlinda anayenunua bidhaa kwa kutegemea jinsi ilivyoelezwa, kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa hiyo, lakini mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzionyesha. Kwa hiyo kulizunguka gari mara moja, kupiga teke tairi na kusema “nimeliona” kunaweza kumgharimu baadaye. Sheria ya Mikataba, Sura 345, humruhusu aliyedanganywa kuubatilisha mkataba, ila maneno yaliyosemwa kwa mdomo yadini ni magumu kuyathibitisha.

Ndiyo maana nawaomba ndugu zangu waende na fundi wao wenyewe, walipandishe gari mlima wa Bugando hapa Mwanza injini ikiwa imeshapata moto, na wahakikishe jina lililo kwenye kadi pamoja na namba ya chesisi kabla ya kutoa shilingi yoyote. Na kama ni lazima kuacha fedha ya kushikilia gari, stakabadhi iandike kiasi, namba ya gari, tarehe ya mwisho, na kwamba fedha itarudishwa endapo fundi atakuta kasoro. Muuzaji akikataa kuyaandika hayo, yadi nyingine zipo.