Jua na Mwezi kwa Hisabu: Je, Mkono wa Mtu Waweza Kuirefusha Siku?

Assalaam alaykum, ndugu zetu wa Ujiji, Gungu na Mwanga hapa Kigoma. Ijumaa hii tusimame kwenye Surat Ar-Rahman, aya ya 5 hadi ya 9: jua na mwezi huenda kwa hisabu, mbingu ikainuliwa, mizani ikawekwa, nasi tukakatazwa kuidhulumu. Kuna wanaouliza kama binadamu anaweza kuigusa hisabu hiyo, yaani kuifanya dunia izunguke upesi au polepole. Anaweza, ila kwa kiasi ambacho saa ya ukutani msikitini haiwezi kukionyesha.

Kaa kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka, shika chupa ya maji ya lita 1.5 kila mkono, nyoosha mikono, uzungushwe, kisha zivute chupa kifuani. Utazunguka kasi papo hapo. Uzito ni uleule, kilichobadilika ni umbali wake na mhimili. Dunia nayo ndivyo. Maji yakitoka kwenye ncha za dunia, kaskazini na kusini, kuja ikweta, siku hurefuka; yakirudi kwenye ncha, hufupika.

Wengi hukosea hapa, wakidhani mwendo wetu ndio unaohesabiwa. Treni ikitoka Tabora kuja Kigoma inakwenda magharibi, na magurudumu yake yanaisukuma reli mashariki, upande uleule dunia inakozungukia. Dunia inaongeza chembe ya kasi. Treni ikifunga breki stesheni ya Kigoma, chembe hiyo inarudishwa yote, deni limekwisha. Magari na meli hali kadhalika, na ule uzushi kwamba watu wote wakiruka pamoja wataibadili kasi ya dunia. Kinachobaki kwenye hisabu ni uzito uliohamishwa ukaachwa huko.

Mfano maarufu ni bwawa la Three Gorges, Uchina, lenye uwezo wa kushika kilomita za ujazo 39.3 za maji. Benjamin Fong Chao, mwanasayansi wa NASA, alikadiria kwamba likijaa siku hurefuka kwa mikrosekunde 0.06, na mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ni kidogo hivyo kwa sababu bwawa liko karibu nyuzi 31 kaskazini, si mbali na latitudo ya nyuzi 35 ambapo maji yaliyotolewa baharini hayaongezi wala hayapunguzi mzunguko. Sasa tazama ziwa letu. Tanganyika lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,900, hivyo likipanda mita 1 limebeba kilomita za ujazo 33, karibu sawa na bwawa lile. Nalo liko jirani na ikweta. Ukipiga hesabu, mita hiyo moja inarefusha siku kuliko bwawa zima, ingawa haifiki hata nusu ya mikrosekunde. Lakini hilo ni la mvua, tusijipe sifa.

Palipo na mkono wetu hasa ni kwenye barafu. Joto tunaloliongeza kwa moshi wa mafuta na makaa ya mawe linayeyusha barafu ya Greenland na Antaktika, na maji yake yanasambaa baharini kuja huku kwetu. Utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba tangu mwaka 2000 jambo hili linarefusha siku kwa kasi ya milisekunde 1.33 kwa karne, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwezi, kwa kuvuta maji ya bahari, huirefusha kwa takriban milisekunde 2.4 kwa karne. Hebu pima: tumeshavuka nusu ya kazi ya mwezi.

Hata hivyo, ratiba ya swala haisogei kwa hayo. Kinachoharibu ibada ni kosa la karibu zaidi. Dunia huzunguka nyuzi 1 kila dakika 4, na Dar es Salaam iko mashariki yetu kwa nyuzi 9.6 hivi. Jua la Kigoma linachelewa kama dakika 39, zikizidi au kupungua kidogo kwa majira. Ukifuturu Ujiji kwa adhana ya redio ya Dar, umekula mchana. Ukiswali adhuhuri kwa ratiba yao, wakati haujaingia. Hapa kwetu jua hupinduka kati ya saa 6:45 mwanzoni mwa Novemba na saa 7:16 katikati ya Februari.

Kuhakiki, simika kijiti kilichonyooka kwenye ardhi tambarare, ukipime wima kwa uzi wenye jiwe. Kuanzia saa 6:30 weka alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika 5. Kikiacha kufupika kikaanza kurefuka, adhuhuri imeingia. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini na kivuli karibu kinatoweka. Siku hizo ngoja kichomoze upande wa mashariki wa kijiti.