Sekunde arobaini kutoka Kolo hadi Dodoma

Tuliondoka Dodoma saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwishoni mwa Machi 2023, kumi la kwanza la Ramadhani. Tulikuwa watatu: dereva, fundi wa umeme, na mimi niliyepakata kompyuta. Nyuma ya gari kulikuwa na betri mbili, mfuko wa saruji, koleo, roli ya waya na katoni ya maji ambayo haikuguswa mpaka jua kuzama. Wenzangu walikuwa wamefunga. Mimi sikufunga, lakini kunywa maji mbele ya mtu mwenye kiu sikulelewa hivyo.

Barabara ya Kondoa na Babati siku hizi ni lami, na inaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Nimeipita mara nyingi. Safari hii niliitazama kwa jicho jingine, kwa kuwa chini yake kulikuwa kumepita kitu.

Februari 6, saa 10:17 alfajiri, ardhi ilipasuka kusini mwa Uturuki kwa tetemeko la ukubwa wa 7.8. Saa yao ni moja na yetu. Ukiweka kidole pale kwenye ramani ukashuka kusini bila kukunja, unapita Syria, Jordan, Bahari ya Shamu, Sudan, Ethiopia, Ziwa Turkana, kisha unaingia Kondoa na kufika Dodoma. Ni kama kilomita 4,600 hadi Kolo. Na sisi tulikuwa na vipima tetemeko viwili kwenye mstari huohuo: kimoja nje kidogo ya Dodoma, kingine karibu na Kolo, kaskazini mwa Kondoa, kilomita 160 kati yao ukipima kama anavyoruka ndege. Cha Dodoma tulikuwa tumeshachukua data yake. Cha Kolo hakikuunganishwa na mtandao. Mpaka ufike, ufunue, uchomeke waya, ndipo ujue kama alfajiri ile kilikuwa hai au kilikuwa kimekufa wiki nyingi nyuma. Sikulala vizuri usiku wa kuamkia safari.

Mvua zilikuwa zimenyesha. Mtama na uwele vilisimama vizuri kandokando ya njia, alizeti zimegeuza nyuso mashariki, mibuyu imevaa majani. Majabali ya itale yalichomoza kila upande, mengine yamepandana kama mtu aliyapanga. Wagogo husimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na tembo aliyezama matopeni. Mimi huwa nawaza jinsi jina la kuzama lilivyopewa mji uliokaa juu ya moja ya sehemu ngumu kabisa za bara hili. Hapa tuko juu ya kratoni, kipande cha ardhi kilichotulia tangu miaka zaidi ya bilioni mbili na nusu. Bonde la Ufa lilipofika hapa halikukipasua. Lilikizunguka, mkono mmoja ukapita mashariki, mwingine magharibi.

Swali ni ugumu huo unafika kina gani. Hakuna shimo linaloweza kujibu, maana hata migodi mirefu kuliko yote duniani inaishia kilomita nne tu. Linalojibu ni tetemeko la mbali, na hasa yale mawimbi yake yasiyopita katikati ya dunia bali hutambaa karibu na uso. Yako ya aina mbili. Moja linaitwa kwa jina la Lord Rayleigh, aliyelieleza kwa hesabu mwaka 1885: ardhi huinuka na kushuka huku ikienda mbele na nyuma. Jingine ni la Augustus Love, wa mwaka 1911, ambalo huipeleka ardhi kulia na kushoto, kama nyoka anavyojinyonga mchangani.

Uzuri wake ni huu. Wimbi fupi ni kama mtama, mizizi yake haifiki mbali. Wimbi refu ni kama mgunga. Lile linalochukua sekunde 20 kupanda na kushuka huhisi zaidi kilomita ishirini na kitu za juu, yaani ndani ya ganda la dunia, ambalo hapa kwetu lina unene wa kama kilomita 40. La sekunde 100 huhisi kilomita mia moja na zaidi, ndani kabisa ya tabaka lililo chini ya ganda. Na kwa kuwa kule chini mwamba kwa kawaida hupitisha mawimbi upesi zaidi, yale marefu hutangulia. Yanaondoka pamoja, yanafika kwa mafungu, kama msafara wa waendao kwa miguu: kadiri njia ilivyo ndefu ndivyo wenye mwendo wanavyowaacha wengine. Ukipima kila fungu lilitumia muda gani kati ya kituo na kituo, umepata mwendo wake, na mwendo unakusimulia mwamba wa kina kile. Kamba ya kisima ukiikaza hupitisha mtikisiko upesi, ikilegea huuchelewesha. Mwamba nao ukipata joto hulegea.

Tulipita Chemba, tukapita Kondoa mjini bila kusimama, na karibu saa tano tulikuwa kwa Mzee.

Kipima chetu kimefukiwa nyuma ya nyumba yake, hatua hamsini kutoka zizi la ng'ombe, ndani ya pipa la plastiki lililojengewa saruji chini. Mzee ndiye aliyekizungushia ua wa miiba mwaka uliopita, na hakuomba malipo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamuuliza swaumu vipi. "Namshukuru Mungu, binti yangu. Mashine yenu nayo imefunga. Taa yake siku nyingi siioni."

Moyo ulinidunda. Fundi alikuwa ameshapiga goti kwenye paneli ya sola. Waya wa kushuka kwenye betri ulikuwa umetafunwa na panya, shaba iko nje, inang'aa. Betri ilikuwa imeisha kabisa. Hakuna aliyesema neno. Nikafunua pipa. Siafu wawili watatu, harufu ya plastiki iliyopigwa jua, magodoro ya sponji tuliyoyakata wenyewe kuzuia joto, na chini yake ile silinda ya chuma, kubwa kama sufuria ya uji. Kipovu cha pimamaji juu yake kilikuwa bado katikati ya duara. Nikapangusa vumbi kwa kidole, taratibu, ingawa ilikuwa imezimika na hakukuwa na cha kuharibu.

Fundi akaunga waya, akaweka betri mpya. Nikachomeka kompyuta nikasubiri orodha ya mafaili ishuke. Januari ipo. Februari ipo. Faili la mwisho lilikuwa la Machi 9. Panya walikuwa wametuachia tulichokifuata.

Nilifungua siku ya Februari 6 nikiwa nimekaa chini, kivulini. Saa ya mashine hufuata majira ya dunia, UTC, yaliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, hivyo tetemeko lenyewe ni 01:17. Mistari mitatu: wa juu-chini, wa kaskazini-kusini, wa mashariki-magharibi. Dakika nane baada ya mpasuko, wimbi la kwanza lililopita chini kwa chini lilipiga. Dakika ya kumi na nne likaja la pili. Kisha, kama dakika ya kumi na nane, mstari wa mashariki-magharibi peke yake ukaanza kuyumba kwa mapana, polepole, ilhali ile miwili mingine ikitikisika kidogo tu. Lile lilikuwa la Love. Dakika mbili baadaye ile miwili ikaamka kwa pamoja, wa juu-chini na wa kaskazini-kusini: Rayleigh. Kwa sababu tetemeko lilitoka kaskazini barabara, kila wimbi lilikaa kwenye mstari wake bila kuchanganyika. Vitabuni huchorwa hivyo, lakini porini nadra ukutane nalo safi kiasi kile.

Mzee aliinama juu ya bega langu. Nikamweleza kwamba ardhi ya hapa, na nyumba, na ng'ombe, vilipanda kiasi cha milimita moja hivi na kushuka, kila sekunde ishirini, kwa dakika kadhaa.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika arobaini alfajiri, Mzee."

Akanyamaza. "Nilikuwa macho. Nilikuwa natia udhu pale." Akaonyesha jiwe lililo kando ya mlango, na kopo juu yake. "Maji hayakutikisika."

Nikamwambia yasingeweza, kupanda kulikuwa kwa taratibu mno. Akaniuliza ni watu wangapi waliokufa kule. Nikasema Uturuki na Syria zaidi ya elfu hamsini. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," akasema, akabaki ameinamia ule mstari. Nami sikuuona tena kama data tu. Ule mchoro ulianzia kwenye nyumba za watu waliokuwa wamelala.

Walitusihi tufuturu nao, tukakaa. Uji wa uwele, tende, mihogo. Jua lilikuwa limezama juu ya vilima vya Irangi, vilivyo ukingoni mwa Bonde la Ufa. Mwaka 1994 hadi 1995 watafiti waliweka vituo 20 vya muda vikivuka nchi hii. Waliochambua mawimbi ya uso ya mwaka ule walikuta mwamba wenye kasi, mgumu na baridi, ukishuka kama kilomita 150 chini ya kratoni. Chini yake kasi inaporomoka, na wakalisoma hilo kama joto kubwa linalopanda kutoka kina kirefu. Yaani nchi tambarare hii imekaa juu ya jiko. Vituo ishirini kwa mwaka mmoja ni vichache kwa nchi kubwa namna hii, na wengi wa waliovichambua walikuwa mbali. Natamani sana kuona vituo vya kudumu, na vijana wa hapahapa wakivisoma.

Tulirudi usiku. Niliweka mistari miwili kwenye kioo, wa Kolo juu, wa Dodoma chini, nikachuja yabaki mawimbi ya sekunde 20. Nikausogeza wa Dodoma kushoto mpaka vilele vikaangukiana: sekunde 44. Nikachuja ya sekunde 50, nikasogeza tena. Sekunde 40. Yale marefu yalikuwa yameshika mwamba wa chini wenye kasi. Sisi njia ileile asubuhi ilitugharimu zaidi ya saa nne. Tetemeko moja ni mstari mmoja tu, na picha inataka mistari mingi kutoka pande nyingi. Nikafungua faili la saa 7:24 mchana wa siku ileile, tetemeko la pili la Uturuki, la 7.5, nikaanza upya.