Siku Nne Shahin Shahr

Mwenzangu wa kazi Dubai, tuliyekaa naye meza moja miaka mitatu, alikuwa na jibu lile lile kila nilipomuuliza kuhusu kwao. "Hakuna cha kuona," alisema, "ila mama yupo." Kwao ni Shahin Shahr, mji uliopangwa kaskazini ya Isfahan, mwendo wa kilomita ishirini na kitu, kando ya barabara kuu iendayo Tehran. Nilipopata likizo mwishoni mwa Oktoba nilikata tiketi kwa ajili ya yale maneno mawili ya mwisho.

Isfahan yenyewe niliipitia, siwezi kusema sikuiona. Nilikaa kwenye nyasi za Naqsh-e Jahan, uwanja wa Shah Abbas ambao UNESCO iliutia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1979, nikatazama kuba la msikiti likigeuka rangi kadiri jua lilivyosogea. Nilivuka daraja la Si-o-se-pol lenye matao 33. Chini yake mto Zayandeh Rud ulikuwa mkavu kabisa, udongo umepasuka vipande vipande, na vijana wanasakata mpira pale maji yanapostahili kupita. Jina la mto huo lina maana ya kuzaa, kutoa uhai. Uliniuma, na mama mmoja aliyekaa ukingoni akiutazama alikuwa na uso wa mtu aliye matangani. Lakini ya Isfahan yameshasimuliwa na wengi. Ya Shahin Shahr sijakuta aliyeyaandika kwa Kiswahili.

Nilipanda metro hapo hapo darajani nikashuka Kaveh, kwenye stendi kubwa ya mabasi. Nje zimepangana teksi za kuchangia, wenyewe huziita savari. Abiria ni wanne, gari haling'oki mpaka lijae, na dereva anasimama mlangoni akiita mji kwa sauti ya kuvuta, "Shahin Shahr, Shahin Shaaahr!" Nilijiona niko Mwembe Tayari, kwetu Mombasa. Nauli hutajwa kwa toman ingawa noti zimeandikwa rial, toman moja ni rial kumi, kwa hiyo kila bei unayosikia uiongeze sifuri moja kabla ya kufungua pochi. Ukishalijua hilo mambo ni mepesi.

Barabara ni tambarare, nchi kavu ya rangi ya kahawia, milima mitupu kwa mbali. Halafu miti ikaanza. Misonobari na miti mingine imepangwa safu safu, na chini yake mifereji ya saruji ya kupitishia maji. Shahin Shahr ulichorwa kwa rula. Barabara kubwa zina majina ya washairi, Ferdowsi, Saadi, Hafez, na kila moja inatoa vijia vilivyonyooka kushoto na kulia, vyenye namba, upande mmoja ukiitwa sharqi na wa pili gharbi. Aliyekalia mkeka wa chuo cha Kurani hahitaji kutafsiriwa: mashariki na magharibi. Mwenzangu, aliyetangulia kufika kwao, alikuwa amenitumia anwani, kijia cha nne, gharbi, akaniambia hata mtoto hapotei.

Nilipotea. Namba za Kiajemi nilidhani nazijua, maana ni zile za msahafu tuliosomea tangu udogoni. Kumbe nne, tano na sita wanaziandika kwa namna yao. Nilikipita kijia mara mbili, begi linakokoteka nyuma yangu na magurudumu yake yanapiga kelele ambayo mtaa mzima uliisikia, kwa kuwa hakukuwa na sauti nyingine. Ilikuwa kama saa nane mchana. Maduka yamefungwa, mapazia yameshuka, hakuna gari, hakuna redio. Mzee mmoja alikuwa akimwagilia mti mbele ya lango lake. Aliniona, akafunga bomba, akauweka mpira chini taratibu, akasoma anwani kwenye simu yangu. Hakunionyesha kwa kidole. Alishika begi, tukafuatana mpaka mlangoni, akabonyeza kengele, akangoja mpaka mlango umefunguliwa na mtu amenipokea. Ndipo akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, akarudi kwenye mti wake.

Nje nyumba zote ni ukuta na lango la chuma. Ukiingia ndani unakuta ua, mkomamanga uliozaa mpaka matawi yanagusa chini, kihodhi kidogo cha maji, na ngazi ya kwenda darini. Kaka wa mwenzangu alikuwa huko juu akilifunika kwa turubai sanduku kubwa la bati. Ni kipoza hewa cha maji: pembeni kimejazwa majani makavu, maji yanayalowesha, feni inavuta upepo kupitia majani hayo na kuusukuma ndani ya nyumba. Kwenye nchi kavu kama ile, mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, kinafanya kazi vizuri. Kwetu pwani kisingefaa kitu, hewa yetu imeshashiba maji. Kila dari niliyoiona ilikuwa na sanduku kama hilo, na mwisho wa Oktoba yote yanafunikwa kungojea baridi.

Mama akatoka jikoni na kibandiko cha unga mashavuni, akanikumbatia kabla sijasema lolote. Majirani humwita Haj Khanum. Mimi nilimwita Mama, naye akaniita dokhtaram, binti yangu, kwa siku zote nne.

Sasa niseme mji huu ulipotoka, maana bila hilo kimya chake hakieleweki. Ulianza kujengwa kabla ya mapinduzi ya 1979. Miaka ya sabini waliishi hapa Wamarekani wengi, familia za watu wa Bell Helicopter waliokuja kufundisha marubani na mafundi wa jeshi la Shah. Mapinduzi yakaja, wakaondoka. Kisha tarehe 22 Septemba 1980 Iraki ikaivamia Iran, na vita vikadumu miaka minane. Khorramshahr ikatekwa mwezi uliofuata. Abadan ikazingirwa karibu mwaka mzima. Watu wa kusini wakakimbilia bara, na wengi miongoni mwa watu wa mafuta wakatua Shahin Shahr, karibu na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Isfahan. Sensa ya 2016 ilihesabu watu zaidi ya 170,000 hapa, na ukiuliza wazee wao walizaliwa wapi, mara nyingi utasikia Abadan.

Mama alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Abadan, akakulia Bawarda, mtaa uliochorwa na kampuni ya mafuta ya Waingereza kwa ajili ya wafanyakazi wake. Yaani alitoka mji uliochorwa kwa rula akaja kwenye mji mwingine uliochorwa kwa rula. Vita vilipoanza alikuwa bibi harusi wa miezi sita. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa kiwanda cha Abadan, kile kilichofunguliwa mwaka 1912 na kuwahi kuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani, baadaye akahamishiwa Isfahan. Mpaka leo Mama hakiiti kijia chao kwa neno la Kiajemi, kuche. Anakiita lein, kama walivyosema Abadan. Nyanya naye haziiti gojeh kama majirani wa Isfahan, ni tamata. Nikamwambia kwetu pia pwani tuna letu, tungule, na wa bara wana lao.

Siku ya pili aliniita jikoni. Alikuwa anapika ghalieh mahi, na ningependa kila anayepika samaki pwani yetu aione chungu ile. Kotmiri na majani ya uwatu yamekatwa laini mno, yanakaangwa polepole mpaka kijani kinakaribia weusi. Kitunguu saumu kingi, manjano, pilipili ya kutosha kumfanya mtu wa Isfahan alie. Samaki walikuwa vipande vya shir mahi, na nilipoona ngozi yake ya fedha nilimtambua, ni nguru, ametoka Ghuba mpaka huku jangwani ndani ya barafu. Kisha Mama akavuta bakuli la maji ya hudhurungi, akazamisha vidole, akaanza kukamua, mbegu zinamponyoka moja moja na kugonga ukingo wa bakuli. Nyanya yangu alikamua hivyo hivyo, kidole gumba kikisugua nyama ya tunda kwenye kiganja. "Ukwaju!" nikasema. "Tambr-e hendi," akasema, tende ya Kihindi. Tukacheka wote wawili, mwenzangu mkalimani akabaki mlangoni hana la kutafsiri.

Wali ulipopinduliwa kwenye sinia, ukoko ulitoka mzima, wa rangi ya dhahabu, na Mama akaukatia sahani yangu kipande kikubwa kuliko cha wanawe. Huko ukoko ni heshima ya mgeni. Nilikula mpaka nikahisi pumzi fupi, na kila nilipoweka kijiko chini akaniongeza. Baada ya chakula akanisimulia habari ya pensheni ya mumewe, nikadaka neno bimeh, nikajua anasema bima. Akataja bandar, bandari. Aliposema rang, sikungoja tafsiri. Tangu mdogo nimesikia habari za Washirazi na mashua zao, na huwa naziweka kando pamoja na hadithi za bibi. Lakini kukaa sakafuni na mtu ambaye hujui lugha yake, maneno ya nyumbani kwenu yakimtoka mdomoni mmoja mmoja, ni jambo jingine kabisa.

Mchana, mji unalala. Tangu saa saba hadi jioni maduka hushusha milango na watu hujifungia. Nilitoka peke yangu kila siku saa hiyo, mtandio kichwani, nikatembea kijia hadi kijia. Nilimkuta mfagiaji wa manispaa na ufagio mrefu wa vijiti, anasukuma majani yaliyoanguka mferejini, na mchakacho ule ulisikika mpaka mwisho wa barabara. Kunguru. Mlango wa chuma ukijifunga kwa mbali. Basi. Nimeishi Dubai, na kabla ya hapo nilikulia Changamwe, kati ya malori na reli na bandari, sikuwahi kuwa mahali ambapo naweza kusikia nguo zangu mwenyewe zikigusana nikitembea.

Jioni ndipo watu wanapotokea. Familia nzima na birika la chai kwenye bustani za kati ya barabara, mikeka imetandikwa, watoto kwenye baiskeli. Tulikwenda kwenye duka dogo la vyakula vya kusini, foleni imefika barabarani, felafeli na sambusa. Wanaita sambuse, ya viazi na pilipili, na umbo ni lile lile la pembe tatu. Ukutani ilitundikwa jezi ya njano ya Sanat Naft, timu ya Abadan. Wenyewe husema Abadan ni Brazil, na husema kwa mapenzi makubwa. Kijana aliyekuwa akikaanga hajawahi kuishi Abadan, lakini alipozungumza mwenzangu aliniambia ni lafudhi ya kule tupu, kairithi.

Usiku wa mwisho nilimwambia Mama kwamba kimya cha mji wake kimenitibu. Alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza habari ya feidus, king'ora cha kiwanda cha Abadan. Zamu ikianza kinalia, ikiisha kinalia, mji mzima ulikuwa ukiamka, ukila na kulala kwa sauti hiyo. Mwaka wa kwanza hapa alikuwa akishtuka kila alfajiri na kukaa kitandani akikisubiri. "Nilidhani nimekuwa kiziwi," alisema. Kimya ninachokisifia mimi kilimchukua miaka kukizoea. Sasa anakipenda, alisema, wanawe wamekulia humo salama. Ila king'ora angependa kukisikia mara moja tena.

Nikamweleza Changamwe, kwamba nasi tulikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta tangu 1963, kikaacha kusafisha 2013, na moto wa bomba lake niliuona kila usiku nikiwa mtoto. Kwamba usiku wa mwaka mpya meli zote Kilindini hupiga honi kwa pamoja saa sita kamili, mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Alitaka nirudie hilo. Meli zote? Kwa pamoja? Nikamwambia zote.

Nilipoondoka alfajiri alinipitisha chini ya msahafu mlangoni, nikaubusu, na teksi ilipong'oa nanga alinimwagia bakuli la maji nyuma, ndiyo desturi yao ili msafiri arudi. Nilimwona kupitia kioo cha nyuma, amesimama katikati ya lein yake na bakuli tupu.

Desemba nilirudi nyumbani kwa mapumziko. Usiku wa kuamkia Januari 1 nilisimama Mama Ngina Drive katikati ya umati, simu nimeinyoosha juu kuelekea lango la bahari, na meli zilipoanza nikarekodi dakika mbili na nusu bila kusema neno. Nilimtumia mwenzangu ampelekee. Asubuhi nilipata ujumbe wa sauti wa Mama. Nyuma yake birika linachemka, kunguru mmoja, kimya cha Shahin Shahr. Alisema maneno matatu tu ya Kiajemi, na mwenzangu akaandika chini yake: anasema mwisho umekatika, utume tena.